Nguvu Kwanza, Umri Baadaye: Mzee, Saratani na Kisu Tangu Ushirombo hadi Bugando

Mzee wa Runzewe anayepewa rufaa ya kwenda kupasuliwa saratani hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: una miaka mingapi? Jibu huandikwa juu kabisa ya faili, na mara nyingi ni la kukisia. Wengi waliozaliwa Bukombe kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao huhesabiwa kwa matukio: alikuwa keshaanza kuchunga ng'ombe njaa ilipoingia, alikuwa ameshaolewa Uhuru ulipopatikana, alikuwa na watoto wawili Operesheni Vijiji ya 1974 ilipowahamisha. Mtoto anayemsindikiza atasema sabini na tano, mzee mwenyewe atasema themanini, karani ataandika mwaka wowote ulio katikati. Kuanzia hapo namba hiyo humfuata hadi wodini, na wako watakaoitumia kuamua kama kisu kinamfaa au hakimfai. Ninachodai ni kwamba namba hiyo haistahili uzito inaopewa. Kinachoamua kama mzee mwenye saratani atatoka hospitali kwa miguu yake ni akiba ya nguvu aliyoingia nayo. Na ukiifuatilia historia ya tiba katika ukanda huu, kuanzia misheni ya Ushirombo hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, utaona kwamba akiba hiyo karibu haijawahi kupimwa: kwanza mzee hakuonekana kabisa, kisha akahukumiwa kwa miaka yake, na siku hizi anaweza kufikishwa chumba cha upasuaji bila mtu kumwomba hata ainuke kutoka kwenye kiti.

Runzewe imekaa kwenye barabara kuu itokayo Isaka kwenda Lusahunga na mipakani, katika nchi ya Wasumbwa, wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Jirani yake, Ushirombo, ilipata misheni ya Mapadri Weupe mwaka 1891, na kwa muda mrefu dawa ya kizungu katika eneo hili ilimaanisha sanduku la misheni: dawa ya vidonda, dawa ya macho, bendeji. Mapadri hao hao ndio waliomleta Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Je, saratani ilikuwepo enzi hizo? Watu wengi husema ni ugonjwa wa siku hizi, ulioletwa na mbolea, mafuta ya kupikia na vyakula vya dukani. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, Kampala, zinalikataa dai hilo. Mafaili yake yanaanzia mwaka 1897, na yalipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 1964 na timu ya Makerere iliyoongozwa na J.N.P. Davies, saratani zilikuwamo tangu kurasa za mwanzo. Usumbwa haukuwa na Mengo yake, lakini hakuna sababu ya kuamini kwamba uvimbe uliowapata watu wa upande mmoja wa Ziwa Victoria uliwakwepa wa upande wa pili. Tofauti ni kwamba huku hapakuwa na aliyeuandika. Mzee aliyekonda na kushindwa kumeza ugali alikufa kwa jina la uzee, au kwa jina la jirani aliyeshukiwa.

Utawala wa kikoloni ulipoleta tiba ya serikali, uliileta kwa hesabu ya kodi na nguvu kazi. Ugonjwa uliotikisa Usukuma na Usumbwa ulikuwa malale. Mlipuko wa Maswa ulitambuliwa mwaka 1922, na baadaye Shinyanga ikawa kitovu cha utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton. Watu waliotawanyika misituni walihamishiwa makazi ya pamoja, pori likafyekwa, wanyama wakawindwa. Kolandoto, hospitali ya misheni ya Africa Inland iliyoanza mwaka 1913 karibu na mji wa Shinyanga, ilihangaika na ukoma, uzazi na vidonda. Mgodi wa Geita ulipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1930, daktari wa mgodi alitakiwa kuwaweka vijana wazima ili washuke chini ya ardhi. Ukizisoma shughuli hizo zote kwa pamoja utaona jinsi umri ulivyokuwa unafanya kazi. Mtu alihesabiwa akiwa anaweza kulima pamba, kuchimba, kubeba au kuzaa. Baada ya hapo alitoka kwenye daftari. Silaumu tu ugumu wa mioyo ya watawala, maana malale yalikuwa yanamaliza vijiji na fedha zilikuwa chache. Ila mazoea yaliyojengwa hapo yalidumu kuliko watawala wenyewe: hospitali ni mahali pa kumrudisha mtu kazini, na mzee hana kazi ya kurudishiwa.

Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, inatupa mfano unaopingana na mazoea hayo. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi hapo mwaka 1940 na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika, alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo akiwa na miaka 50. Alikuwa na fedha za kumleta daktari kutoka popote duniani, na kwa miaka hakuwa mzee hata kidogo. Miaka michache haikumwokoa, kama ambavyo miaka mingi peke yake haimuui mtu. Mwaka huo huo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na mwaka 1961 akafunga safari ndefu ya gari kupita hospitali za Afrika Mashariki na Kati, Tanganyika ikiwemo, kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana. Wagonjwa wake walikuwa watoto, lakini somo lake linamhusu mzee pia. Burkitt alikuwa bingwa wa kisu aliyekubali kwamba kwa ugonjwa huu kisu hakifai, akageukia dawa, na dawa zikaleta nafuu ambayo upasuaji ulishindwa kuileta. Daktari anayeuliza kwanza kama mwili huu utafaidika kwa kukatwa huwa ameshafika mbali kuliko yule anayeuliza tu kama uvimbe unakatika.

Baada ya Uhuru mlango ulifunguka. Madaktari wasaidizi walifundishwa kupasua katika hospitali za wilaya, zahanati zikafika vijijini, na Bugando ikafunguliwa Mwanza mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali, kisha ikarudi mikononi mwa maaskofu Wakatoliki mwaka 1985. Mionzi ilipatikana Ocean Road, katika jengo la Wajerumani la mwaka 1897 pale Dar es Salaam, ambalo mwaka 1996 lilifanywa taasisi inayojitegemea ya saratani. Kwa mtu wa Runzewe hiyo ilikuwa safari ya kuvuka nchi nzima, na hadi Bugando ilipojenga huduma zake za saratani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wengi hawakuifunga. Uchangiaji wa gharama ulioanza mwaka 1993 uliwafungia tena mlango waliokuwa nusu ndani, hadi Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilipotamka kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wazee hao kuwa zaidi ya milioni 2.5. Dirisha la wazee likawekwa, ofisi ya ustawi wa jamii ikapewa kazi ya kuandika misamaha, na Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likafunguliwa, mgonjwa anayepitia Geita akaacha kusubiri pantoni. Hizi ni hatua za kweli. Lakini tazama kigezo kilichowekwa mlangoni: miaka 60. Umri, ambao zamani ulimtoa mzee kwenye daftari, sasa unamwingiza, na bado hakuna anayeuliza ana nguvu kiasi gani.

Kwingineko swali hilo lilianza kuulizwa muda mrefu uliopita. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, Uingereza, daktari Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa 714 wa jengo la maskini lililopakana na hospitali hiyo, wengi wao wazee waliolazwa miaka na miaka kwa kuwa walionekana wamekwisha. Aliwachunguza mmoja mmoja, akakuta wengi hawakuhitaji kulala pale, akawainua, akawatembeza, akawarudisha baadhi makwao. Mwaka 1941 wataalamu wa dawa za usingizi wa Marekani walitunga madaraja ya hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji, na katika madaraja hayo hawakuuweka umri. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake walieleza udhaifu wa uzeeni kwa dalili 5: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka, mshiko dhaifu wa mkono, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli. Mwenye 3 au zaidi ni dhaifu, mwenye 1 au 2 yuko njiani. Mwaka 2010 Martin Makary na wenzake waliwapima kwa njia hiyo watu 594 wenye miaka 65 na kuendelea kabla ya upasuaji. Waliokuwa dhaifu walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata matatizo baada ya kisu, walilazwa siku nyingi zaidi, na wengi zaidi wao walishindwa kurudi moja kwa moja nyumbani walikotoka. Wote walikuwa wazee. Kilichowatenganisha hakikuwa miaka.

Kwa nini iwe hivyo? Watu wengi huogopa nusu kaputi na kudhani kwamba mgonjwa akizinduka hatari imekwisha. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulionyesha vinginevyo. Wagonjwa hao walikuwa vijana, wastani wa miaka 38 na nusu, lakini walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia, na kati ya kila vifo 100, takriban 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Kazi ngumu iko wodini. Mtazame mzee siku ya tatu baada ya kuondolewa uvimbe wa tumbo. Mshono unauma, kwa hiyo hakohoi, na makohozi yanabaki kifuani hadi yanageuka nimonia. Hajainuka kitandani, na misuli ya mapaja inayeyuka kila siku anayolala. Uji anausukuma pembeni. Usiku anaanza kuita watu waliokwisha kufa na kuvuta mpira wa dripu, na ndugu wananong'ona kwamba amerogwa au amerukwa na akili, wakati ni kuchanganyikiwa kunakojulikana sana kwa wazee baada ya upasuaji. Kidonda kilichotakiwa kufunga kinaanza kutoa maji. Kijana huvuka siku hizo kwa sababu moyo, mapafu, figo na misuli yake vina ziada. Mzee mwenye ziada huvuka pia. Asiyekuwa nayo hushindwa na tatizo dogo linaloita kubwa.

Katika Kanda ya Ziwa suala hili lina sura yake. Saratani ya umio humfikia daktari mgonjwa akiwa hamezi hata uji mzito, maana yake ameshashinda na njaa kwa wiki nyingi. Saratani ya kibofu huku inakwenda pamoja na kichocho, kama ilivyoonekana katika uchunguzi wa wagonjwa 185 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa na madaktari wa Bugando mwaka 2013, na mtu anayekojoa damu kwa miezi huishiwa damu. Kwa hiyo udhaifu anaokuja nao mzee una mizizi 3: uzee wenyewe, uvimbe, na upungufu wa chakula na damu. Mzizi wa kwanza hatuwezi kuung'oa. Wa pili ndio tunaokusudia kuukata. Wa tatu tunaweza kuushughulikia kabla ya upasuaji, wakati mwingine kwa wiki 2 au 3 za chakula chenye protini, hata kwa mpira wa kulishia tumboni pale umio umeziba, dawa za minyoo na malaria, kuongezewa damu au madini ya chuma, na kutembea kila siku. Hapa ndipo kipimo cha nguvu kinapoonyesha faida yake: kinamwambia daktari afanye nini kabla ya kushika kisu. Ushahidi wa jambo linalofanana upo kwenye dawa za saratani. Huko Marekani wagonjwa 718 wenye miaka 70 na zaidi walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Pale ambapo daktari alipewa maelezo ya nguvu na hali ya mzee wake, madhara makali ya dawa yalishuka kutoka asilimia 71 hadi 51, na hawakuonekana kupoteza maisha kwa sababu hiyo.

Pingamizi la kwanza nalisikia likitoka kwa wanaoijua hali ya hospitali zetu: tatizo la Bukombe ni kuchelewa, umaskini na uchache wa mabingwa, na kupima mshiko wa mkono ni anasa ya nchi tajiri. Kuchelewa ni kweli. Lakini miezi ile ile inayoukuza uvimbe ndiyo inayomla misuli, kwa hiyo anayechelewa ndiye hasa anayehitaji kupimwa. Na kipimo hakina gharama ya kuogopesha. Mzee anakaa kwenye kiti, anaambiwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku muuguzi akitazama saa. Anaulizwa kama nguo zake zimelegea, kama bado anachota maji au kufika shambani, kama ameanguka mwaka huu. Zahanati yoyote inaweza. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wameshaonyesha kwamba udhaifu unapimika Tanzania kijijini, na wakatengeneza kipimo kifupi cha mazingira yetu. Uchache wa vitanda na damu unaipa hoja hii nguvu zaidi, kwa sababu kitanda cha wiki 6 kilichotumika kwa upasuaji usiomfaa mtu kimemnyima mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kipimo kitageuka kisingizio cha kuwakataa wazee. Ukanda huu una sababu ya kuwa na hofu hiyo. Kwa miongo mingi bikizee wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya dalili zilizowaponza ni macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi ya kupikia. Mwili wa mzee ulisomwa kama ushahidi dhidi yake. Mtu anayejua historia hiyo atauliza kwa haki kama mkono dhaifu hautasomwa vivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba ukataaji upo tayari, na unafanyika kwa umri, kimya kimya, bila sababu kuandikwa. Mzee wa miaka 80 anayelima bado huambiwa arudi nyumbani akapumzike, na wa miaka 62 aliyekauka hupelekwa kukatwa. Kipimo kikiandikwa kwenye faili, uamuzi unakuwa na sababu inayoweza kuhojiwa na familia, na daktari wa pili, na mgonjwa mwenyewe. Sharti langu ni moja: anayempima mzee na kumkuta dhaifu awajibike kuandika pia kitakachofanywa, iwe ni kumlisha na kumpima tena, upasuaji mdogo wa kumrahisishia maisha, au mofini ya kunywa na matunzo ya nyumbani.

Wapo pia watakaosema kwamba familia haitakubali. Watoto wameuza ng'ombe, mmoja ameleta fedha za duarani, kwenye machimbo ya dhahabu, na kumrudisha baba bila kupasuliwa kutaonekana ni kumtupa. Heshima hiyo kwa mzazi ni hazina, na siidharau. Ila mara nyingi mazungumzo hufanyika juu ya kichwa cha mzee, naye huletewa karatasi ya ridhaa aweke dole gumba. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, halafu katika jambo linalouhusu mwili wa mzee mwenyewe tunamwacha nje ya baraza. Mmoja atachagua hatari ya kisu ili apate miaka michache. Mwingine atachagua kubaki na uwezo wa kwenda mwenyewe chooni na kukaa na wajukuu kwa miezi aliyobakiza. Hakuna chaguo lililo la aibu kati ya hayo, mradi mwenye mwili ameambiwa ukweli.

Hukumu yangu ni hii basi. Zaidi ya miaka 130 tangu misheni ya Ushirombo, mzee wa Usumbwa amepata barabara, daraja, hospitali ya rufaa na dirisha lake. Kilichobaki ni kupimwa nguvu kabla ya kukatwa, na hilo halihitaji kusubiri bajeti. Kwa wenye zahanati na vituo vya afya vya Bukombe: barua ya rufaa ya mzee mwenye saratani ieleze uzito wake wa sasa na wa zamani, wingi wa damu, na kama anainuka kitini bila kushikwa. Na kwako wewe unayemsindikiza mzazi: kabla hajaweka dole gumba, muulize daktari ana nguvu kiasi gani za kuuvuka upasuaji huu, nini kinaweza kuongezwa kabla yake, na ataishi vipi baada yake. Usikubali jibu linaloanza na kuishia kwenye miaka yake.